Kwa binamu yangu wa Dodoma: tazama mwezi kabla ya kuchagua ufukwe

Mpendwa binamu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto, na Shangazi umfikishie shikamoo yangu. Sisi hatujambo. Picha ulizonitumia juma lililopita nimezitazama zote, na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja: katika fukwe hizo, ni upi unaofaa kuwapeleka watu saba kwa siku tano, akiwemo mtoto wa miaka minne na mama mwenye magoti yanayouma? Nimeona nikujibu hadharani kwa sababu kila likizo ya Juni au ya Desemba inapokaribia, ndugu wengi wa bara huniuliza swali hilohilo, na jibu lake halienei katika ujumbe wa simu.

Jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba picha zote ulizoniletea zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Hakuna mfanyabiashara anayepiga picha ya ufukwe wake maji yakiwa yamekupwa, ilhali ufukwe huohuo mmoja, asubuhi na alasiri ya siku moja, unaweza kuwa mahali pawili tofauti kabisa. Sisi tuliokulia Tanga hatuulizi ufukwe gani ni mzuri kabla ya kuuliza mwezi una siku ngapi, na naona ndilo jambo ambalo watu wa bara hawaambiwi na wale wanaowauzia safari.

Nimejifunza kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita mimi na mume wangu tuliwapeleka watoto upande wa mashariki wa Unguja, na aliyetukatia nafasi alituapia kwamba bahari iko mlangoni. Tulifika usiku. Asubuhi, yapata saa nne, tulishuka na mataulo na maboya ya watoto, tukakuta mchanga mweupe, kisha mchanga wenye maji ya kifundoni, kisha madimbwi na majani ya baharini, na mawimbi yenyewe yakionekana kwa mbali sana kama uzi mweupe ukingoni mwa miamba. Katikati ya uwanda ule kulikuwa na akina mama wamejitanda kanga, wameinama kwenye vigingi vilivyopangwa safu kwa safu, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba kimoja baada ya kingine, upesi, kwa sababu wanajua maji yatarudi saa ngapi. Mwanangu alisimama na boya lake kiunoni akaniuliza bahari imekwenda wapi. Nikashindwa kumjibu kwa aibu, mimi mtoto wa pwani, maana nilikuwa nimelipa pesa bila kutazama kalenda. Siku zile zilikuwa za bamvua.

Nisikilize vizuri hapa, binamu. Maji ya bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko siku iliyotangulia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili au tatu zinazofuata, ndipo panapokuwa na bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kukupwa hupita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi unapokuwa nusu, ni maji mafu, na tofauti hupungua sana, hata katika pwani tambarare bahari haiendi mbali. Lakini lililo muhimu zaidi kwa msafiri mwenye watoto ni saa. Huku kwetu, siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, yakakupwa saa nne au saa tano asubuhi, yaani wakati uleule watoto wamekwisha kunywa chai na wanataka kuogelea. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji huwa yamejaa katikati ya asubuhi, tena kwa upole. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani, na najua Shangazi hakosi, tafuta tarehe 7 hadi 9 au 21 hadi 23 za mwezi, uziweke siku hizo katikati ya safari yako. Hesabu hiyo haina gharama yoyote, nayo itakufaa kuliko nyota tano za hoteli.

Simaanishi kwamba upande wa mashariki wa Unguja haufai. Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe ni mahali pazuri mno, na yule anayependa kutembea hadi mwambani akitazama pweza wanavyotafutwa kwa fimbo atataka siku za bamvua hasa. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na kwa maoni yangu mtoto anayeoneshwa kazi ile na mwenye kazi, kwa ruhusa na heshima, hujifunza mengi kuliko anayeshinda kwenye bwawa la hoteli. Ila mtoto wako wa mwisho ana miaka minne, na miongoni mwa mawe ya mwambani kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu ambao mguu ukiwakanyaga safari imekwisha. Wote wavae viatu vya plastiki, hata watu wazima, popote mtakapokwenda.

Baada ya mwezi, tazama upepo. Hujaniambia kama mnakwenda Juni au Desemba, na tofauti yake ni kubwa. Juni ni wakati wa kusi: hewa ni ya baridi nzuri, masika yamekwisha, lakini upepo unavuma kutoka kusini-mashariki na bahari iliyo wazi upande huo huchafuka. Desemba kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, inaanza, joto ni kali, vuli huenda ikawa bado haijamalizika, na Unguja bei za vyumba hupanda kuelekea Krismasi na mwaka mpya kwa sababu wageni kutoka Ulaya wanakimbia baridi yao. Ndiyo maana sitakupa jibu moja.

Mkienda Juni, nendeni Kendwa, kaskazini mwa Unguja. Ufukwe wake unatazama magharibi, kwa hiyo kusi huuzunguka kwa nyuma na maji hubaki shwari. Tena kina chake hakiruhusu bahari kukimbia mbali hata siku za bamvua, na jua hutua baharini mbele ya macho yenu. Nungwi iliyo jirani nayo ina sifa hiyohiyo ya maji, pamoja na mafundi wanaounda majahazi kwa mkono ufukweni, jambo ambalo shemeji, kwa vile ni seremala, atalipenda kuliko kuogelea. Usafiri umekuwa rahisi kwenu tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024: mnashuka Dar es Salaam, mnalala kwangu, kesho yake mnapanda boti ya mwendo wa saa mbili hivi hadi bandari ya Malindi mjini Unguja, kisha gari la kilomita kama 60 hadi kaskazini. Nikwambie ukweli lakini: pana watu wengi, pana muziki wa usiku, na Shangazi hatapumzika kama ninavyotaka apumzike. Ombeni vyumba vya mbali na baa.

Mkienda Desemba, na ndivyo ninavyoomba iwe, nendeni Ushongo, wilaya ya Pangani.

Najua haimo katika picha ulizonitumia. Ni ufukwe mrefu wenye minazi, kusini mwa mto Pangani, wenye nyumba za wageni chache zilizotawanyika na kijiji cha wavuvi ambao bado wanatumia ngalawa. Maji hupwa pale pia, kwa hiyo ile hesabu ya maji mafu ni lazima uifuate. Mkiifuata, watoto wataoga asubuhi katika maji ya kiunoni yenye mchanga safi chini. Kutoka Dodoma mtapita Morogoro, Chalinze na Segera hadi Tanga mjini. Ni safari ya kutwa nzima, kwa hiyo laleni Tanga usiku mmoja, mle mkate wa ufuta na samaki wa kupaka, na kesho yake mshuke Pangani, mwendo wa kama kilomita 50. Kabla ya kuondoka Tanga pigeni simu kwa mwenyeji wenu kuuliza hali ya barabara na ya kuvuka mto, maana upande ule kumekuwa na ujenzi wa barabara ya lami na daraja, na njia ya mwezi uliopita si lazima iwe njia ya leo.

Pangani mjini msipite haraka. Ni mji mdogo, umechoka, kuta zake zimebanduka chokaa, lakini ndio mji ambamo Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kupigana nao, mwezi Desemba 1889, na mwanao mkubwa, anayejiandaa na mtihani wa historia, hatamsahau tena akiuona mto na boma kwa macho yake. Kisha kuna Maziwe. Ni kisiwa cha mchanga mtupu mbele ya Ushongo, hifadhi ya bahari, ambacho zamani kilikuwa na miti ya mivinje na sasa hakina hata mti mmoja. Maji ya bamvua yakijaa hukifunika. Kasa walikuwa na mazoea ya kutaga pale, na kwa kuwa mayai yangezama, wahifadhi huyahamishia ufukweni Ushongo. Msiwaahidi watoto kuona kasa, kwa sababu msimu mkubwa wa kutaga hauangukii Desemba, lakini samaki wa rangi kwenye miamba wataonekana, na kusimama kwenye mchanga uliozungukwa na maji pande zote ni jambo ambalo watalisimulia darasani muhula mzima. Nahodha ndiye anayejua saa ya kwenda; akikwambia leo hapana, usimbembeleze. Kila mtu, na watoto kwanza, avae jaketi la kuokolea kabla chombo hakijasukumwa majini, na kiingilio cha hifadhi ukilipe kwa namba ya malipo ya serikali upewe risiti.

Mahali pengine nitakugusia kwa ufupi. Kisiwani Mafia, Desemba ni msimu wa papa potwe, yule samaki mkubwa mno asiyedhuru watu, na hakuna ninachokipenda kuliko Mafia, lakini boti ya kutoka Nyamisati hadi Kilindoni si ya magoti ya Shangazi na nauli ya ndege kwa watu saba ni nzito. Hiyo ihifadhi kwa ajili yako na shemeji. Kilwa nayo ni safari ya magofu kwanza na bahari baadaye, na Husuni Kubwa, gofu la jumba la kale, hupandiwa kwa ngazi ndefu. Diani, huko Kenya, ni nzuri kweli, mchanga wake laini kama unga, ila mtavuka mpaka wa Horohoro na kila mtoto atahitaji hati yake ya kusafiria, nawe hati hizo hujazianza. Bagamoyo ni ya kwenda na kurudi siku moja. Kwa kuogelea maji yake yana tope.

Sasa nikwambie sababu ambayo sikuiandika mwanzoni. Shangazi alizaliwa Pangani. Aliondoka pale akiwa bibi harusi, akaolewa bara, na tangu babu alipofariki hajarudi. Mwaka jana nilipokuja kwenu Dodoma nilimpelekea nazi kumi, nikamkuta jioni jikoni ameketi kwenye mbuzi anakuna moja, polepole, akaniuliza bila kuinua macho kama siku hizi watu bado wanaita kwa sauti kutoka Bweni, kijiji cha ng'ambo ya mto, kuja upande wa mjini. Nikamwambia kuna kivuko na kuna simu. Akakuna tena mizunguko miwili mitatu, kisha akasema Desemba maji ya asubuhi huwa vuguvugu kama ya kumuogeshea mtoto mchanga. Nimekuwa nikiifikiria sauti ile tangu uliponiandikia. Wewe umezaliwa mbali na bahari na sikulaumu kwa kutoijua, lakini unapanga likizo ya ufukweni pamoja na mtu anayeijua bahari hiyo kwa miguu yake, na hujamuuliza yeye anataka kwenda wapi.

Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, fanya mambo mawili. Muulize Shangazi, tena umuulize mkiwa mmekaa, si kwa kupita. Kisha nitumieni tarehe za likizo ya shule na ya shemeji kazini, nami nitakaa na kalenda nizitafute siku za maji mafu zilizo ndani yake, nimpigie mtu ninayemfahamu Ushongo aulizie nyumba yenye chumba cha chini kisicho na ngazi, na iliyo karibu na msikiti ili Shangazi asihangaike alfajiri. Shemeji asipakie nguo nyingi. Apakie viatu vya plastiki vya watoto, mafuta ya kujipaka juani, dawa za Shangazi za siku zaidi ya tano, na kanga za kutosha, kwa sababu tutatoka majini tukipita kijijini kwa watu. Mimi nitawakuta Tanga. Mkeka nitakuja nao.

Ni mimi binamu yako,
Dar es Salaam