Kodi ya miezi sita inakula chakula cha mwanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wenye nyumba wa Tabora, na kidogo na wazazi, juu ya vijana wanaoingia mjini kwetu kila Oktoba na Novemba vyuo vinapofunguliwa. Mji wetu una vyuo vingi kuliko watu wa nje wanavyodhani: Ualimu, Uhazili, Ardhi, Nyuki, Reli, chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, na vingine vya afya na ufundi. Si wote wanaopata bweni. Wanaokosa wanatafuta geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, Cheyo, Isevya, Kanyenye, Ipuli na Ng'ambo, na huko ndiko maisha yao halisi ya chuo yanakopita.

Mtaani husemwa sana kwamba wanafunzi wanatapanya bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, wiki ya kwanza, kisha wanalala na njaa. Wapo wanaotapanya, sikatai. Lakini ukikaa na hesabu za walio wengi, kalamu mkononi, utaona fedha imekwenda kwa mwenye nyumba kabla hata kilo moja ya unga haijanunuliwa.

Chukua mwanafunzi wa shahada aliyepangiwa na Bodi ya Mikopo kiwango kamili cha chakula na malazi, yaani shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Fedha hiyo haiji kila siku, inakuja kwa mkupuo wa takriban miezi miwili. Siku 60 ni shilingi 600,000. Tuseme amepata chumba kimoja cha 40,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita. Hapo 240,000 imeondoka siku ya kwanza. Zimebaki 360,000. Anunue godoro, ndoo mbili, sufuria, jiko, na kitasa kipya (kitasa asikiache, maana hajui mpangaji aliyehama amebaki na funguo ngapi). Vyote tuviweke 150,000. Zimebaki 210,000, ambazo kwa siku 60 ni 3,500 kwa siku. Mkupuo wa pili ukichelewa wiki mbili, siku zinakuwa 74, na ile 3,500 inashuka hadi 2,800 na kidogo. Humo mna chai ya asubuhi, chakula cha mchana na jioni, bajaji, bando, sabuni na kudurufu desa, yaani karatasi za masomo.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi miwili miwili. Kodi ya kuanzia ni 80,000, vifaa ni vilevile 150,000, zimebaki 370,000. Kwa siku 60 ni zaidi ya 6,000 kwa siku. Mkupuo ukichelewa zile wiki mbili, bado ana 5,000 kila siku. Mwenye nyumba hajapunguza kodi hata shilingi moja, na mwanafunzi anakula mara tatu.

Huyo niliyemtaja ndiye mwenye nafuu. Wapo waliokosa majina awamu ya kwanza ya mikopo wakasubiri zinazofuata, na wanaosubiri nao wanahitaji mahali pa kulala. Wapo wa mwaka wa kwanza ambao fedha yao imefika chuoni lakini haiwezi kuingia kwenye akaunti. Sababu huwa ndogo na zinajirudia kila mwaka: jina la akaunti ya benki halifanani na la cheti cha kidato cha nne, namba ya mtihani imekosewa tarakimu moja, akaunti ilifunguliwa zamani ikakaa bila kutumika hadi ikalala, au kijana hakuwepo siku ya kusaini kwa alama za vidole. Mzazi mwenye mtoto anayesubiri kwenda chuo ayashughulikie haya mwezi wa nane na wa tisa. Akaunti ifunguliwe kwa majina yaleyale ya cheti, herufi kwa herufi, na iwekewe fedha kidogo ili ibaki hai.

Kisha kuna wa astashahada na stashahada, ambao hapa Tabora ni wengi mno. Mikopo ya stashahada iliyotangazwa mwaka wa masomo 2023/24 ni ya fani zilizoteuliwa tu. Waliobaki wanategemea nyumbani, na nyumbani kwa wengi ni Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui au Nzega. Mkulima wa tumbaku anauza kati ya Aprili na Agosti, wa mpunga anavuna kuanzia Mei. Chuo kinafungua Oktoba, wakati ambapo fedha ya mauzo imeshakwisha na shamba jipya linadai mbegu na mbolea. Mzazi huyo anatakiwa kutoa ada ya awamu ya kwanza na kodi ya miezi sita katika mwezi ambao mfuko wake ni mtupu kuliko miezi yote ya mwaka. Hana ubahili. Kalenda mbili zimepishana, na anayelipia pengo hilo ni mtoto.

Kwa wazazi hao nina neno moja: kama fedha haipo Oktoba, chakula kilikuwepo Juni. Wekeni fungu la mwanachuo wakati wa mavuno. Debe moja la maharage lina kama kilo 16. Kilo moja ya maharage makavu inatoa sahani zisizopungua kumi, kwa hiyo debe hilo linamvusha kijana anayekula sahani moja kwa siku muhula mzima, na linabaki. Yakaushwe vizuri, yajazwe kwenye dumu lenye kifuniko kinachobana, lijae hadi juu hewa isipate nafasi, la sivyo wadudu watayamaliza. Unga msitume mwingi. Dona inaanza kuchacha baada ya wiki chache kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta. Ni afadhali mtume mahindi yenyewe, kijana asage kilo kumi kumi. Sahani ya ugali ya mtu mwenye njaa ni robo kilo ya unga. Karanga, nsansa (mboga za majani zilizokaushwa) na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) ni vyepesi kusafirisha kwa basi na havihitaji friji. Nasikitika kuona vijana wa Kinyamwezi wanayaonea aibu matobolwa mbele ya wenzao wa Dar es Salaam. Bakuli la matobolwa na karanga linamfikisha mtu jioni vizuri kuliko maandazi mawili na chai ya rangi.

Nasema hivi kwa sababu fedha ikipungua, cha kwanza kukatwa ni mlo wa mchana. Vijana wanaita pasi ndefu: chai saa nne, kisha kimya hadi saa mbili usiku. Matokeo yake yanaonekana kwenye vipindi vya saa nane na saa tisa alasiri, hasa Oktoba joto la Tabora linapokuwa kali. Anayesinzia darasani anapitwa na zoezi la ghafla, na zoezi hilo ni sehemu ya alama za mwendelezo, ambazo katika vyuo vingi ni 40 kati ya 100. Akianza muhula hivyo, mtihani wa mwisho unamkuta tayari yuko nyuma, na sapu nyingi, yaani mitihani ya kurudia, zinaanzia hapo.

Kupika kwa zamu kunasaidia kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Wanne wakichanga, kilo moja ya unga na robo tatu ya maharage ni mlo mmoja wa kushiba na mboga ya kesho inabaki. Maharage yalowekwe tangu usiku, kwa muda wa saa nane hadi kumi, maji ya kulowekea yamwagwe. Yasiyolowekwa yanachukua karibu mara mbili ya muda jikoni, na mtungi wa gesi wa kilo 6 ukipikia maharage makavu kila siku hauchukui muda kuisha. Yaliyobaki yachemshwe tena usiku na asubuhi, kwa joto letu hayalali salama. Kinachovunja zamu hizi mara nyingi si uvivu. Ni mmoja kuchelewa kuchanga, basi wenzake wanaanza kupika kimyakimya. Kwa hiyo mchango utolewe siku bumu linapoingia, na utolewe kwa vitu: huyu unga, yule mafuta, mwingine gesi.

Anayetumia mkaa apikie nje. Jiko lenye mkaa unaowaka likiingizwa chumbani, mvua inaponyesha au usiku wa baridi wa Juni na Julai, linatoa gesi ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anadhani ni uchovu, analala na haamki. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Wenye nyumba, mjengeeni mpangaji hata kibanda cha mabati cha kupikia. Ni mabati machache tu na yanaokoa roho.

Ugomvi mwingine wa mageto ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba iliyo katika kundi la matumizi madogo inalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi isizidi uniti 75 kwa mwezi. Ikizidi, bei ya uniti inapanda zaidi ya mara tatu. Nyumba yenye vyumba sita kwenye mita moja ina uniti 12 na nusu kwa kila chumba. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa sita kila siku haifikishi uniti mbili kwa mwezi. Kompyuta ya wati 50 kwa saa nne kila siku ni uniti sita. Mpaka hapo hakuna neno. Jagi la umeme likichemsha lita moja asubuhi na lita moja jioni linaongeza nyingine sita, na hapo chumba kimeshapita fungu lake. Jiko la koili la wati 1,000 linakula uniti moja kila saa. Saa mbili za maharage kila siku ni uniti 60 kwa mwezi, kwa mtu mmoja. Basi koili isiingie kwenye nyumba ya mita moja. Mwenye nyumba anayetaka amani afunge mita ndogo kila chumba, kila mtu aone alichotumia. Na kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021 ni deni la mwenye jengo. Mpangaji anayeinunulia mita umeme arudishiwe au ipunguzwe kwenye kodi ya chumba.

Pengo la fedha lisipozibwa na nyumbani, linazibwa na simu. Mikopo ya mtandaoni inaingia ndani ya dakika chache, riba yake inakatwa mapema, na marejesho yanatakiwa baada ya wiki moja au mbili, yaani kabla ya bumu. Kijana anakopa pengine kulipa alikokopa kwanza. Wakopeshaji hawa wanaomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu, kisha wanamtumia ujumbe wa aibu kila mtu, hadi mhadhiri na mjomba. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Mwanafunzi aliyebanwa aende kwanza kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwake. Yapo mengi yanayowezekana, kama kuandikiwa barua ya kulipa ada kwa awamu, lakini barua hiyo iombwe kabla ya usajili wa mitihani. Wiki ya mitihani ofisi zimejaa na jibu huwa gumu.

Narudi kwa wenye nyumba. Najua mnadai miezi sita kwa sababu mmewahi kukimbiwa usiku na mpangaji akaacha deni la kodi na umeme. Hofu hiyo ni ya haki. Ila miezi sita haiwalindi kama mnavyodhani. Aliyelipa mwisho wa Oktoba anafika mwisho wa Aprili. Akilipa tena miezi sita, ni hadi Oktoba, na Julai ameshaondoka kwenda mafunzo kwa vitendo au nyumbani. Ameacha miezi mitatu, 120,000 kwa chumba cha 40,000, ya chumba alichofunga. Ndiyo maana wengi wanahama Aprili kutafuta kwingine, au wanaanza kubebana wawili hadi watatu ndani ya chumba mlichompangisha mmoja, na choo na maji vinaelemewa.

Chukueni dhamana ya mwezi mmoja, irudishwe anapoondoka bila deni wala uharibifu, na kodi ya miezi miwili miwili mbele. Mkataba utaje tarehe ya kuingia na ya kutoka kwa kufuata kalenda ya chuo, idadi ya watu chumbani, nani analipia maji na umeme kwa kiasi gani, na kama anaweza kuacha vitu vyake wakati wa likizo kwa nusu kodi. Uwe na jina la chuo, namba ya usajili ya mwanafunzi na simu ya mzazi. Ukurasa mmoja unatosha. Serikali za wanafunzi zinaweza kuuandaa mkataba huo na kuugawa kwa wenye nyumba mwezi wa tisa, na nakala moja ikabaki ofisi ya serikali ya mtaa, ambako pande zote mbili zitakwenda wakigombana.

Ni mimi,
Mlezi wa wanafunzi,
Manispaa ya Tabora