Barua kwa binti yangu anayetaka kuishi kwa vichekesho

Mwanangu,

Salamu zako zimefika na skripti nimeisoma. Ule mkataba wa kampuni uliopiga picha ukanitumia kwa simu nimeusoma pia, ila nililazimika kuazima miwani ya mama yako, maana waliouandika hawakutaka usomeke. Nitaanza nao, kwani ndio unaonisumbua.

Kuhusu kuacha ofisi na kuingia kwenye sanaa, mimi sina la kukuzuia. Mama yako analo, na umekwisha kulisikia. Mtu aliyepiga ngoma kwenye kikundi cha maonyesho ujana wake wote hana uso wa kumwambia bintiye kwamba jukwaa ni uhuni.

Ila kuna jambo nililiona mle ndani, na wewe umezaliwa limeshapita. Enzi za vikundi vya maonyesho vya Muungano, na baadaye TOT, ulikuwa ukilipa kiingilio kimoja unapata jioni nzima: ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, kisha taarab mpaka watu wanasimama kutunza. Leo ukiuliza watu wa rika langu watakutajia waimbaji Khadija Kopa na Nasma Khamis, na mipasho waliyokuwa wakirushiana. Nyimbo zilirekodiwa, zikabaki. Vile vichekesho vilivyokuwa vikiwaangusha watu kwenye viti, nani anavikumbuka? Havikuandikwa. Mkubwa wa wachekeshaji aliwaita wenzake nyuma ya jukwaa: wewe ni mwenye nyumba, wewe mgeni kutoka shamba, nikikohoa unaingia. Basi. Maneno kila mtu aliyatafuta hukohuko mbele za watu, na kama watu wa siku hiyo walikuwa wazito, kichekesho kilifupishwa papo hapo kwa kukonyezana tu. Ufundi ule siudharau. Waandishi wengi wa leo, wamefunguliwa laptop mbele yao, hawawezi hata robo yake.

Lakini mwenye maneno hakujulikana. Mtu akihama kikundi, alichokitunga kilibaki kinaigizwa na aliyevaa kanzu yake na kujifunga mto wake tumboni. Hakulipwa, na hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Sasa mtazame mchekeshaji King Majuto, Amri Athumani wa hapahapa Tanga. Alipanda jukwaani mwaka 1958, bado mtoto mdogo. Nyinyi mmemjua kwenye sinema za CD, yule mzee mbishi, bahili, mwenye macho ya kutoka. Sisi tunajua kwamba yale macho yalifundishwa na jukwaa miaka mingi kabla kamera haijamfikia. Ndiyo maana kwenye sinema dhaifu kabisa, na alicheza nyingi dhaifu, Mungu anisamehe, bado ulicheka yeye akiingia. Hakuwahi kuharakisha. Alipougua mwaka 2018 akapelekwa India, pamoja na dua watu walikuwa wanazungumzia mikataba yake ya matangazo, mpaka Waziri Mwakyembe akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Tarehe 8 Agosti akafariki pale Muhimbili. Miaka sitini ya kuchekesha nchi, na mgonjwa anadai haki yake kitandani.

Kwa hiyo, mama, rudi kwenye kifungu kinachosema kazi zote utakazobuni wakati wa mkataba zitakuwa mali ya kampuni. Zote. Maana yake hata kichekesho ulichoandika usiku kwako, kwa umeme wako, ni chao. Na mhusika wako Bi Msonyo, uliyemwanza chuoni kabla hawajakujua, ameingizwa humo kwa jina. Kumbuka vijana wa kikundi cha vichekesho cha Ze Comedy: walipotoka runinga ya EATV kwenda TBC jina lile hawakwenda nalo, wakaanza upya na Orijino Komedi. Wao walikuwa wengi na sura zao zilishajulikana nchi nzima, wakavuka. Wewe uko peke yako, na watu wanamjua Bi Msonyo kuliko wanavyokujua wewe.

Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini hailindi wazo. Inalinda kazi yenyewe. Ukisimulia kichekesho mbele ya meza ya watu kumi halafu ukakiona kwenye runinga, utalia peke yako. Andika kila kitu, tia tarehe, kisha nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukakisajili. Na hao mabwana wa kampuni waambie hivi: ruhusa ya kukionyesha jukwaani na kwenye runinga nawapa, kwa muda tuliokubaliana, na mkikirudia mnanilipa tena, umiliki unabaki kwangu. Wakikataa kabisa, hapo utakuwa umejua walichokuwa wanakitaka. Usitie sahihi kabla wakili hajauona. Nauli ya kumfuata na ada yake nitatuma mimi.

Haya, skripti.

Ugomvi wa umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, ni mzuri sana. Nyumba moja, wapangaji sita, mita moja, na kila mtu anamjua anayepiga pasi usiku wa manane. Hiyo hata huhitaji kuieleza, watu watacheka Bi Msonyo akigusa tu ile swichi. Tatizo ni kwamba unaieleza. Ukurasa wa pili wote mwenye nyumba anatoa hotuba kuhusu bei ya umeme. Ifute hotuba, aingie na daftari la madeni tu, asome majina.

Pili, neno lako la kuchekesha unaliweka katikati ya sentensi, kisha mhusika anaendelea kuongea. Watu wakianza kucheka, hayo mengine yote yanamezwa. Lisogeze mwisho, halafu nyamaza. Unyamaze mpaka uone aibu, ndipo uendelee.

Yule mpangaji mwenye friji la kuuzia barafu ndiye bora kuliko wote, na umempa mistari minne. Nilidhani atarudi. Mrudishe pale umeme unapokatika, barafu inayeyuka, naye anawauzia wenzake maji ya baridi kwa bei ileile.

Na mjumbe wa nyumba kumi anaongea mno. Namjua unayemwiga, na yeye mwenyewe haongei hivyo. Yeye hukaa kimya, akasubiri soda. Mpe soda.

Mama yako anakusalimu. Anasema ukimtia kwenye kichekesho tena, umwombe ruhusa kwa maandishi.

Baba yako