Karo ya Zainabu

Mama mpenzi,

Asalaam aleykum, na shikamoo. Ujumbe wako wa sauti umenifikia, nami nimeusikiliza mara mbili: kwanza kwa furaha ya kukusikia, kisha kwa uchungu. Pesa nitazitoa Ijumaa inshallah, lakini safari hii nitazilipa moja kwa moja chuoni kwa jina la Zainabu, kwa maana zile za Januari nilizituma za karo zikaishia kwenye mabati ya nyumba ya Ami, wala hakuna aliyeniuliza. Wakati ule nilinyamaza. Leo nasema.

Unaniambia Ami amekata shauri kwamba uwakili si kazi ya mtoto wa kike, na kwamba Zainabu afunguliwe saluni ya kusuka pale Majengo. Tafadhali msomee maneno haya barazani, mbele ya wenzake wa kahawa.

Mwezi uliopita niliapishwa kuwa raia katika mahakama ya shirikisho hapa Manhattan. (Usihofu, uraia wa Kenya ningali nao, Katiba ya 2010 haimnyang'anyi mzaliwa.) Nilivaa suti ya kijivu, kibendera mkononi, na aliyetuapisha alikuwa jaji mwanamke, mweusi kama sisi. Katika maneno yake machache alimtaja aliyemfungulia njia, Constance Baker Motley, na tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za mama huyo kila nipatapo nafasi.

Alizaliwa New Haven mwaka 1921, mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili, wazazi wake wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis. Alipotaja sheria, mama yake alimshauri awe msusi. Kazi ileile anayoitaja Ami! Karo haikuwepo nyumbani, mpaka tajiri mmoja wa mji alipomsikia akizungumza mkutanoni akaahidi kumsomesha, na mwaka 1946 akahitimu sheria Chuo Kikuu cha Columbia.

Alifanya kazi chini ya Thurgood Marshall, yule wakili mweusi aliyewashauri wajumbe wetu kwenye mazungumzo ya katiba ya Kenya kule Lancaster House, London, mwaka 1960. Ni Motley aliyemtetea James Meredith, kijana mweusi, mpaka Chuo Kikuu cha Mississippi kikalazimika kumpokea mwaka 1962. Kesi kumi alizitetea mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, akashinda tisa. Rais Johnson alipompendekeza kuwa jaji wa shirikisho hapa Manhattan mwaka 1966, Seneta Eastland wa Mississippi hiyohiyo alimcheleweshea miezi, lakini Agosti Seneti ikamthibitisha, mwanamke mweusi wa kwanza katika cheo hicho. Nacho ni cheo cha maisha, Mama. Hakuna rais awezaye kumfukuza jaji wa shirikisho kwa kuchukizwa na hukumu yake.

Lililonigusa zaidi ni la mwaka 1975. Wanawake mawakili walikuwa wameishtaki kampuni ya uwakili kwa ubaguzi, na upande wa pili ukamtaka ajiondoe kwa kuwa naye ni mwanamke na mweusi. Alikataa, akaeleza kwamba kila jaji ana jinsia yake na rangi yake, na kama hizo ni sababu za kuondolewa, basi hakuna jaji hata mmoja katika mahakama ile angeweza kuisikiliza kesi. Ami asemaye kwamba mwanamke huhukumu kwa machozi na anijibu hapo. Mwaka 1982 alikuwa jaji mkuu wa mahakama hiyo.

Mimi mzima. Baridi imeanza na kazi ya usiku naizoea. Siku ile ya kiapo wenzangu walipigwa picha na mama zao ngazini. Mimi nilimpa mgeni simu anipige peke yangu, kisha nikapanda treni.

Zainabu anitumie namba yake ya usajili na akaunti ya chuo kabla ya Alhamisi. Anitumie mwenyewe, asipitie kwa mtu.

Mwanao akupendaye