Maji ya kila jioni ndiyo yanayoua bustani za Dodoma

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki hizi wasomaji wamekuwa wakitaja mimea wanayoipenda majumbani mwao: huyu asmini, yule waridi, mwingine mparachichi uliobebwa kutoka Rungwe. Tumesoma kwa furaha. Ila karibu kila sifa imeishia pale mmea unapochanua, hakuna aliyesema unafikaje Novemba ukiwa hai. Kwa sisi wa Dodoma hilo ndilo swali lenyewe.

Mvua yetu ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Inayobaki ni miezi saba ya jua na upepo. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 tumepata majirani wengi kutoka Dar es Salaam, ambako mvua ni misimu miwili, nao wamekuja na desturi yao: jioni baada ya kazi, mpira mkononi, kunyunyizia ukoka na maua na miti kwa pamoja, dakika kumi, kisha ndani. Wenyeji nao wameiga, kwa hiyo tusiwasingizie wageni peke yao. Desturi hiyo ndiyo inayoua.

Fanya hesabu. Mmea wenye beseni la udongo, yaani kibonde kilichochimbwa kuuzunguka, la kipenyo cha mita 1 ukiupa lita 5, maji yametanda kimo cha milimita 6 tu. Jua na upepo wa kesho yake vinayachukua kabla hayajafika kwenye mizizi. Kwa wiki umemwaga lita 35 na mmea haujanywa. Sasa chukua karibu maji yaleyale, madumu mawili ya lita 20, uyamimine kwa mara moja. Hicho ni kimo cha milimita 50, na kwenye udongo wetu mwekundu wa kichanga yatashuka mpaka sentimita 40 hivi, ambako jua haliyafikii. Asiyeamini anyunyizie jioni kama alivyozoea, asubuhi achimbe kwa kijiti: unyevu unaishia pingili mbili za kidole, chini yake ni vumbi. Na mizizi hufuata maji. Ikizoezwa kukaa juu, siku mbili za mgao zinatosha kuumaliza mmea wa miaka mitatu.

Hasara ya pili ni chumvi. Maji ya visima vingi huku yana chumvi. Ukinyunyizia kidogo, maji yanapaa na chumvi inabaki juu, siku baada ya siku, hadi udongo unaota ukoko mweupe kama unga uliomwagika. Majani huanza kuungua kingoni, kahawia kavu inayotambaa taratibu kuelekea kati. Mwenye bustani akiona hivyo hudhani ni kiu, anaongeza kunyunyizia. Afanye kinyume: akwangue ukoko ule na kuutupa mbali, kisha amimine madumu matatu au manne kwa mfululizo ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Mvua za kwanza za Desemba hufanya kazi hiyo bure, na maji ya kukinga batini ndiyo bora kuliko yote kwa mimea ya kwenye vyungu.

Maji ya kufulia yanafaa, lakini ya suuza ya mwisho tu. Yale ya kwanza yenye sabuni ya unga yana magadi, na yakimwagwa sehemu moja kila siku hugeuza udongo kuwa kigae. Yasimwagiwe mboga za majani.

Beseni lenyewe hukosewa pia. Watu hulichimba likaushika mti shinani, maji yanasimama kwenye gome na shina linaoza. Udongo unaogusa shina uinuke kidogo kama kichuguu, maji yakae kwenye mfereji unaouzunguka, chini ya mwisho wa kivuli cha matawi saa sita mchana. Tandaza juu yake mabua ya mtama au maganda ya karanga, unene wa sentimita 5 mpaka 8, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Matandazo yakigusa shina ni daraja la mchwa.

Baada ya hayo, mmea tunaoutetea sisi ni mzabibu. Zabibu ililetwa huku na wamisionari wa Bihawana, leo ina kituo chake cha utafiti pale Makutupora, na bado kuna nyumba ndani ya mji huu huu zinazonunua zabibu barabarani wakati ua wao una mita tisa za mraba zisizo na kazi. Mzabibu mmoja unatosha kichanja cha mita 3 kwa 3. Unakupa kivuli na tunda, na ukishashika unahitaji maji machache kuliko ukoka wa eneo hilohilo.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Huku utahitaji sululu. Udongo wa juu uweke kushoto, wa chini kulia. Kabla ya kupanda, mimina dumu moja shimoni. Maji yakikutwa bado yamesimama kesho yake, hapo ni udongo wa mbuga, ule mzito usiopitisha maji, au umefika kwenye mwamba, hamisha shimo. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyoiva, urudishe huo kwanza. Samadi ya mbuzi iliyotoka zizini jana inaunguza mizizi na ina chumvi yake, ikae miezi mitatu kwanza ikiwa imelowanishwa na kufunikwa. Panda, funga chipukizi moja tu kwenye mti wa kushikizia, mengine yote ondoa. Likifika karibu na kichanja, kimo cha mita 2, kata ncha. Yatatoka matawi ya pembeni: chagua mawili, moja liende kushoto na jingine kulia. Hiyo ndiyo mikono ya mzabibu wako kwa maisha yake yote.

Tunda la kwanza linaonekana baada ya mwaka mmoja na nusu mpaka miwili, na hapa ndipo malalamiko huanzia: "Wangu unatoa majani tu." Sababu ni kwamba haukupogolewa, au ulipogolewa vibaya. Huku hakuna baridi ya kuupukutisha mzabibu kama kule Ulaya, hivyo usipoulazimisha kulala hautalala. Maji ndiyo ya kuulaza. Wiki mbili kabla ya kupogoa acha kumwagilia kabisa. Majani yatageuka manjano. Wacha yageuke, mkono usiende kwenye bomba.

Siku ya kupogoa, tazama tawi kwa karibu. Kishada hutoka kwenye chipukizi jipya linalochomoza kwenye tawi la msimu uliopita, lile lenye gome la kahawia laini na unene wa penseli. Gome kuukuu linalobanduka kama karatasi likichipua, chipukizi lake kwa kawaida ni majani matupu. Kwa hiyo anayekata mpaka kwenye mkono mkuu amekata zabibu zake, na asiyekata chochote anapata msitu ambao macho yake, yale matumba yanayochipua, yamekua gizani, nayo macho yaliyokua gizani hayabebi kitu. Kwenye kila mkono acha kisiki kimoja, yaani kipande kifupi cha tawi la msimu uliopita, kila shubiri moja, na kila kisiki kiwe na macho mawili. Mikono miwili ya mita moja na nusu itakuwa na visiki kama kumi na vitano. Kata mshazari, sentimita 2 juu ya jicho, mteremko ukielekea upande ambao jicho halipo. Ondoa majani yote yaliyobaki.

Kidonda kitadondosha maji, tone baada ya tone, siku kadhaa. Watu huogopa, wengine hufunga kwa nailoni au kupaka udongo. Mzabibu unaolia ni mzima, mizizi imeamka. Siku ya tatu mpe madumu mawili. Macho yatavimba ndani ya siku kumi hadi kumi na nne. Chipukizi likifika urefu wa kiganja utaona vishada vidogo kama mbegu za uwele, kwenye chipukizi mkabala na jani. Machipukizi yasiyo na kishada punguza pale palipobanana. Kwa mzabibu unaozaa mara ya kwanza, acha kishada kimoja tu kwa kila chipukizi, hata kama roho inauma.

Tangu hapo ni madumu mawili, mara mbili kwa wiki kwenye kichanga, mara moja kwenye udongo mzito. Punje zikianza kubadilika rangi punguza maji kwa nusu. Ukiyafurisha wakati huo, punje zinapasuka na nyuki na nyigu wanakaribia. Kutoka kupogoa hadi kuvuna ni miezi minne hivi. Onja punje ya nchani, maana ncha huiva mwisho. Ikiwa tamu, kishada kizima kiko tayari. Zabibu ikishachumwa haiivi zaidi, si ndizi hiyo. Ndege wataonja kabla yako, basi wiki tatu za mwisho valisha vishada mifuko ya karatasi ya kaki au funika kwa chandarua chakavu.

Kwa ratiba hiyo, anayepogoa mwisho wa Aprili au Mei anavuna Agosti na Septemba, kukiwa kukavu na majani safi. Wakulima hupogoa tena Oktoba au Novemba wapate mavuno ya Februari na Machi, lakini hayo yanakutana na mvua, na mvua inakuja na ubwiri: ubwiri unga unaopaka majani na punje kama majivu, na ubwiri vinyoya unaoweka ukungu mweupe upande wa chini wa jani. Salfa huzuia ule wa unga, haiwezi kuutibu wa vinyoya. Ipigwe alfajiri kwa kipimo cha kwenye pakiti, maana ikipigwa jua kali inaunguza majani. Asiyetaka dawa nyumbani kwake apogoe Oktoba, aviondoe vishada vikiwa vidogo, aache mzabibu ujenge matawi ya msimu wa kiangazi. Sisi tungechagua hivyo.

Mimea mingine tunaitaja kwa ufupi, kwa kuwa kosa lake ni lilelile. Bogenvilia inayopewa maji kila siku na samadi kila mwezi inaota miiba na majani mapana, rangi hakuna. Inyime maji mpaka majani yalegee kidogo mchana, ndipo umpe dumu moja. Kata ncha za matawi kila rangi inapopukutika, sababu hutoa maua kwenye machipukizi mapya.

Waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama chupa, linataka mchanga wa mtoni sehemu mbili kwa sehemu moja ya udongo, chungu chenye tundu, na maji pale tu kidole kinapozama mpaka pingili ya pili bila kukuta unyevu. Shina likibonyea kama nyanya iliyooza, limekunywa kupita kiasi. Kata sehemu iliyooza mpaka ufike palipo peupe, liache kivulini juma zima likauke, ndipo ulipande upya. Anayetaka shina nono aanze na mbegu, kwani tawi lililochomekwa mara nyingi hukua bila kunenepa. Utomvu wake ni sumu iliyopakwa mishale tangu zamani, kwa hiyo nawa mikono, na usilipande mahali watoto na mbuzi wanapofika.

Mgagani tu ndio unaoruhusiwa maji ya juu juu, tena wiki mbili za kwanza. Sia kwenye mistari ya sentimita 30, kina kisizidi sentimita 1, mwagilia kwa kopo lenye matundu, kisha punguza ubakize mche kila sentimita 10 hadi 15. Mbegu iliyovunwa mwezi uliopita itakuaibisha, bado imelala. Tumia ya msimu uliopita. Baada ya wiki nne au tano chuma ncha, na uendelee kuzichuma kabla hazijatoa maua, la sivyo majani yanakuwa madogo na uchungu unazidi. Kukausha yanayobaki hatuna la kuwafundisha bibi wa Kigogo.

Kwa anayetaka kuanza na mzabibu, pingili ikatwe siku ya kupogoa: tawi la unene wa penseli, sentimita 30, macho matatu au manne. Chini kata bapa, chini kidogo ya jicho, juu kata mshazari, ili usije ukaipanda kichwa chini miguu juu, kosa linalofanyika kuliko watu wanavyokiri. Macho mawili yaingie udongoni kwenye kiriba, mfuko wa kuoteshea miche, kivulini, kwa miezi mitatu. Usiing'oe kuangalia mizizi. Jani huweza kutoka kwa akiba ya tawi kabla mzizi haujaota, na wengi hudanganyika hapo wakaihamishia juani.

Mwisho wa Aprili mpaka katikati ya Mei kila ua wenye mzabibu hapa Nkuhungu una rundo la matawi yanayosubiri kuwa kuni. Anayezihitaji pingili apite aombe, hatauziwa. Aje na gazeti kuukuu alilolilowanisha la kuzifungia, maana zikipigwa na jua mpaka afike kwake hazioti tena.

Wapanda bustani wa nyumbani,
Nkuhungu, Dodoma