Msihamie Doha na madeni ya Maskati

Wanangu mliomaliza mikataba hapa Oman, na nyinyi mnaoimaliza kabla ya mwaka kwisha, assalamu alaykum.

Nakuandikieni nikiwa na hasira na sitaificha. Mwezi huu kesi za namna moja zimenijia barazani mpaka nimechoka. Mtu amekaa hapa miaka, amekula na watu, ameuguzwa na watu, halafu siku moja simu yake haipatikani. Wiki ya pili inatoka picha: yuko Doha, Qatar, kasimama ufukweni, majengo marefu nyuma yake. Kumbe viza ilishatoka zamani na tiketi ilishakatwa, na siku zote hizo tulikuwa tunakaa naye jamvi moja.

Ya huyu wa mwisho ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Wanawake 12 walikuwa wanacheza mchezo, wengine mnauita upatu, riyali 30 kila mwezi. Wengi wao ni wapishi na walezi wa watoto huko Al Hail na Seeb, na riyali 30 katika mshahara wao si kitu kidogo. Zamu ikimfikia mtu anachukua 360. Binti yetu aliomba zamu ya tatu kwa sababu mdogo wake alikuwa anaingia chuo. Watu wakamwonea huruma, wakampa. Akalipa mpaka mwezi wa sita, na wa saba akawa Doha. Riyali 180 zimemwangukia kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, mwanamke mtu mzima ambaye hajala hata baisa moja ya fedha ile. Kila mwisho wa mwezi anaziba pengo kwa mshahara wake mwenyewe, maana watu waliingia mchezoni kwa kuliamini jina lake. Na mwenye zamu ya mwisho alikuwa anazingojea fedha hizo anunue mabati, nyumba ya mama yake Pangani iezekwe kabla ya masika. Alinionyesha picha kwenye simu. Kuta zimefika kwenye linta, na ndani ya chumba majani yameota mpaka magotini.

Nilipompata binti huyo, kwa simu ya mwenzake, aliniambia, "Bibi, safari haitangazwi. Watu wana macho."

Hapo ndipo nilipochukia hasa. Husuda ipo, siikatai. Imetajwa katika Suratul Falaq, na sura hiyo niliwasomesha wajukuu zangu kabla hawajajua kuhesabu. Lakini Mola katufundisha tujikinge Kwake na shari ya hasidi. Hakutufundisha kumgeuza hasidi kila anayetudai. Itazameni Hijra. Hakuna safari iliyohitaji siri kuliko ile. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoka Makka watu wamemvizia wamuue, akajificha katika pango la Thawr. Na pamoja na hayo, sira inatusimulia kwamba alimwacha nyuma Sayyidna Ali azirudishe amana ambazo watu wa Makka walikuwa wameziweka kwake. Yeye alikuwa anakimbia panga. Wewe unakimbia maneno ya watu, na kwa ajili ya maneno unaacha nyumba ya mama wa mtu bila paa!

Na msidhani nasema haya kwa kuwa nimezeeka sina kazi ya kufanya. Sisi tunajua ni nini kuondoka bila kuaga. Familia yetu ilitoka Unguja mwaka 1964, baada ya mapinduzi. Mama alifunga mlango mchele ukiwa umelowekwa jikoni. Baba alikuwa anadaiwa fedha za kanzu na fundi mmoja wa Mkunazini. Tukakaa Mombasa, tukakaa Dubai, tukaingia Maskati baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita nyumbani Waomani waliotawanyika. Kote huko baba alikuwa akilitaja deni lile, wakati mwingine katikati ya chakula, mkono ukiwa bado sahanini. Msafiri wa kwanza tuliyemjua wa kwenda Unguja alimkabidhi zile fedha, na lilipokuja jibu kwamba fundi yu hai na kazipokea, baba alisujudu pale pale ukumbini. Sisi hatukupewa nafasi ya kuaga. Nyinyi mnayo, na mnaitupa.

Kwa hiyo sikilizeni. Ukishajua unaondoka, wa kwanza kumwendea ni kijumbe. Ama umalize zamu zilizobaki, ama umtafute wa kukaa mahali pako naye akubali mbele ya wenzenu, ama muandikiane kwamba utaendelea kulipa kutoka huko. Kuandikiana si kudharauliana. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamrisha tuandike madeni. Na Doha kuna maduka ya kutuma fedha kama yaliyopo hapa Ruwi. Hili la mchezo nimelirefusha kwa sababu ndilo linalouma, lakini hukumu ni hiyo hiyo kwa deni la dukani na kwa simu uliyoichukua kwa mwenzio kwa mkopo. Ni hiyo hiyo pia kwa shoga aliyekuwekea rehani dhahabu yake kwa sonara siku ulipobanwa. Dawa ya deni kulipa, hapana nyingine. Kisha waage wachache: uliokula nao, aliyekuuguza, uliyegombana naye. Ombaneni radhi. Waliobaki wakisikia ukishafika, hapana ubaya.

Na hiyo kazi ya Doha mliipataje? Kwa mtu wa Maskati aliyekutajeni kwa mtu wa huko. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wanaotangulia wakiharibu jina, anayekuja nyuma yao anafungiwa mlango kabla hajabisha.

Simsemi aliyekimbia kipigo. Aliyekuwa anapigwa, aliyenyimwa chakula au mshahara, aliyeingiliwa chumbani usiku, huyo atoke hata pekupeku, aende polisi au ubalozini, na madeni yake tutakaa sisi wazima tuyazungumze. Mwanangu, uhai wako kwanza.

Ya karatasi nitayapitisha haraka. Hakikisha viza imefutwa kisheria na umeuona uthibitisho, usiridhike na maneno ya mdomoni, kwa sababu ukiondoka huku umeripotiwa umekimbia, alama za vidole zitakusubiri mpakani siku utakayotaka kurudi. Weka nakala ya mkataba na ya bataka, kile kitambulisho cha ukaazi. Chukua cheti cha polisi cha mwenendo mwema ukiwa bado hapa. Ukishaondoka kukipata ni taabu, na wapo watakaokuuliza: Canada humtaka anayeomba ukaazi alete cheti cha kila nchi aliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita. Pasi yako iwe imebakiza zaidi ya miezi 6. Funga akaunti ya benki, na kama una mkopo usiondoke kabla ya kukaa na benki. Laini ya simu itenganishe na benki na WhatsApp kabla hujaitupa, maana namba hiyo atapewa mtu mwingine. Na nyinyi mnaokwenda Dubai kwa viza ya matembezi mkitarajia kazi itapatikana tu, jueni kwamba kule kupitiliza muda ni dirhamu 50 kwa kila siku.

Kiinua mgongo nacho wengi wenu mnakiacha kwa kutojua kwamba kipo. Kila nchi ina lake. Kuwait, kwa sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya 2015, ni mshahara wa mwezi 1 kwa kila mwaka wa kazi. Qatar, kwa sheria ya 2017, si chini ya mshahara wa wiki 3 kwa kila mwaka. Saudia ni mshahara wa mwezi 1 kwa aliyetimiza miaka 4 mfululizo. Ulizeni kabla ya siku ya mwisho, na msitie saini karatasi msiyoielewa. Nimewahi kumwona binti anawekewa karatasi ya Kiarabu juu ya friza jikoni, mikono ina unga, gari la kwenda uwanja wa ndege linapiga honi nje. Akatia saini. Karatasi ilisema amelipwa haki zake zote, naye alikuwa bado anadai mshahara wa miezi 2.

Na hapo nawageukia wenzangu wenye nyumba, hasa sisi tunaozungumza Kiswahili na kujiita ndugu wa hawa watoto. Pasi ya mtu inafanya nini kabatini kwako? Mtu amekulelea mwanao mpaka akaanza kutembea, siku ya kuondoka unamhesabia mashuka! Mnalalamika kwamba wanatoroka, na wengine wanatoroka kwa sababu aliyewatangulia aliaga kwa uzuri mkamzuilia tiketi. Jumuiya zetu nazo: tunachangishana vizuri sana maiti akisafirishwa kwenda kwao, na hapo sina lawama. Lakini aliye hai anayemaliza mkataba hatumkalishi hata jioni moja tukamwonyesha karatasi zake.

Lawama nyingine iko nyumbani kwenu. Mtoto anapiga simu anasema, mama, mkataba umekwisha, nataka kurudi kidogo. Anajibiwa, pitiliza huko huko, ukija utakula nauli, na dari bado. Fedha za kiwanja alizituma yeye, hati imeandikwa jina la kaka. Mwanawe wa kumzaa anamwita shangazi. Wazee wenzangu wa Tanga, Mombasa na Unguja, mnataka fedha za huyu mtoto au mnamtaka mwenyewe?

Ndiyo maana nakuombeni, wanangu, na hapa hasira imenitoka kabisa: kati ya nchi hii na ile inayofuata, pitieni kwenu. Hata wiki mbili. Lala kwenye kitanda cha mama yako. Kitembelee kiwanja kwa miguu yako na uisome hati kwa macho yako. Mpeleke mwanao shuleni asubuhi, akuzoee. Wakala atakwambia nafasi itapotea. Mwambie akupangie tarehe ya mbele. Anayekuhitaji kweli atakungoja.

Wanaoondoka kabla ya Ramadhani waje kwangu Ruwi Ijumaa hii baada ya swala, na wasiokuwa Waislamu waje vile vile. Kila mtu aje na mkataba, pasi na daftari la mchezo kama yumo. Mjukuu wangu anasoma Kiarabu cha sheria, atakusomeeni kila karatasi kabla hamjaitia saini. Vijumbe nao waje, tukae tuhesabu zamu zilizobaki. Chakula kitakuwapo.

Bibi yenu,
Ruwi, Maskati