Apu ikizingua, eleza ulichobonyeza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Mimi ni mnunuzi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, hesabu zangu zote siku hizi ziko kwenye simu, na kuna jambo nataka niwaambie wenzangu tunaotumia hizi apu za biashara, jamani tunalalamika sana ila hatuelezi.

Miezi miwili mizima apu yangu ya mauzo ilikuwa inanichanganya. Kiroba cha kilo 12 na nusu kinasomeka kilo 125, tena sio kila siku, ni siku ambazo kijana wangu ndo anapima na kuingiza, mpaka nikaanza kumtilia shaka mtoto wa watu, na hapahapa namuomba msamaha. Kila ikitokea nawatumia meseji wenye apu, "apu yenu mbovu rekebisheni", mara "haifanyi kazi kabisa mnatuharibia biashara", nao wananijibu pole mama tunalishughulikia, halafu kimya. Nikaona wanatudharau tu sisi wa mikoani.

Siku moja fundi wao akanipigia. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akasema mama sisi huku tukiandika 12.5 inakubali vizuri, hilo kosa hatujaliona hata mara moja sasa tutengeneze nini? Akaniomba nishike simu ileile inayokosea nimsomee kila ninachobonyeza. Nikachukua ya kijana, nikafungua mzigo mpya, nikaanza: moja, mbili, mkato, tano. Akanikatiza, "mkato au nukta mama?" Mkato. "Hiyo simu ina lugha gani?" Kifaransa, mwenyewe aliinunua Uvira kule Kongo na hajabadilisha kitu. Kumbe ndo hapo! Kifaransa desimali wanaweka mkato, na apu imetengenezwa na watu wa nukta, ikikuta mkato inadhani ni ule wa kutenganisha maelfu inauruka, 12,5 inabaki 125. Baada ya siku tatu apdeti ikaja, tatizo likaisha. Na hapa Kibirizi simu za kutoka Kongo na Burundi ziko nyingi mno, sijui wangapi waliongezewa kilo hewa na mkato wakagombana na vijana wao bure.

Kwa hiyo ukiwaandikia waambie ulibonyeza nini na nini mpaka ikakosea, ulitegemea itoke nini, ikatoka nini. Simu aina gani, lugha gani, Android toleo la ngapi (iko kwenye setingi, Kuhusu simu), apu toleo la ngapi, na je ukijaribu simu nyingine inatokea? Ikiandika ujumbe wa kosa usiufupishe, piga skrinshoti. Neno "inastaki" peke yake halimsaidii fundi, maana kuna kuganda, kuna kujifunga yenyewe, na kuna kile kiduara kinazunguka kumbe bando limeisha.

Na saa, jamani saa! Nilimwambia fundi ilitokea jana saa mbili na robo, nikimaanisha usiku. Kwenye simu yangu hiyo ni 20:15, na rekodi za seva yao (kompyuta yao kuu) zinatumia saa za dunia ambazo ziko nyuma yetu masaa matatu, kwa hiyo yeye anatakiwa atafute 17:15. Ningemwandikia "saa 2" si angeenda kutafuta usiku wa manane? Andika saa kama inavyoonekana juu ya simu, na tarehe.

Kabla ya kutuma skrinshoti ziba salio na namba za wateja. Namba ya siri usimpe mtu hata akijiita fundi, kutengeneza apu hakuhitaji namba yako ya siri.

Nanyi mnaotengeneza hizi apu, tuulizeni maswali haya siku ya kwanza, kwa Kiswahili, acheni kutujibu pole tu. Yule fundi angenipigia miezi miwili nyuma nisingemkaripia kijana wangu mbele ya wateja.

Sasa hivi nina kosa lingine nimewatumia. Jina la mteja likianza na Ng' yenye ile alama ya juu, risiti haitoki, nikiitoa alama inatoka. Nimejaribu majina matatu kwenye simu mbili, nimeweka skrinshoti, nimeandika Jumatatu 09:40. Nasubiri.

Mnunuzi wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma