Kambi ya macho ikiondoka, nani anabaki?

Mhariri, nimesoma ripoti yenu ya kambi ya macho vijijini na kweli mambo yamebadilika, zamani ilikuwa landrova ya madaktari inakuja mara moja, watu wanapimwa kwa ile chati ya herufi E ya kupima kuona, chini ya mti halafu kwaheri, siku hizi huku Trans Nzoia walimu walishapima macho ya wanafunzi kwa programu ya simu na mzazi anatumiwa SMS ampeleke mtoto hospitali.

Shida ni baada ya hapo. Mzee ametolewa mtoto wa jicho, anarudi na boda jicho limefungwa bandeji, dawa ya matone ikiisha hajui amuulize nani. Kaunti iweke mtu wa macho kila kituo cha afya, hata siku moja tu kwa wiki, na zile namba za simu zinazoandikwa kambini zitumike kuwafuatilia wagonjwa, si kukaa tu kwa faili.

Msomaji, Kitale